"Out of pocket": mfuko wa nani, na nani yuko nje?

Barua pepe iliingia Jumatano saa kumi jioni. Kwa mteja wangu kule Houston ndiyo kwanza ilikuwa saa mbili asubuhi. Ilikuwa na sentensi moja tu: "I'll be out of pocket Thursday and Friday." Siku mbili kabla nilikuwa nimemtumia ankara ya kazi ya kutafsiri, kwa hiyo nikasoma kile nilichokuwa nakihofia: jamaa amefulia. Nikamjibu kiungwana kwamba mambo hayo humpata kila mtu, asiwe na wasiwasi, ankara inaweza kungoja mpaka mwisho wa mwezi ujao. Akashukuru sana. Na kweli ankara ikangoja mpaka mwisho wa mwezi ujao.

Dada ninayegawana naye meza ofisini alipousoma ule ujumbe alicheka mpaka akavua miwani. "Kaka, huyu hajafulia. Huyu atakuwa kwenye ndege."

Alikuwa sahihi. Msemo huu wa maneno matatu, unaofanya kazi ya kivumishi, una maana kadhaa zilizo hai leo, na mbili kati yake hazihusiani kabisa na hela. Ofisi za Afrika Mashariki nazo zimeuongezea maana yao, inayokwenda kinyume na ya Waingereza. Ukiutafsiri neno kwa neno unapata "nje ya mfuko", kitu ambacho kwa Kiswahili hakina maana yoyote, labda kwa sarafu iliyodondoka. Tafuta hapa chini dalili inayofanana na yako.

Kabla ya yote, kagua majirani

Msemo wenyewe hautakuambia kitu. Angalia maneno yanayoupakana. Kama karibu yake kuna kiasi cha fedha, au neno linalotaja gharama, uko upande wa hela. Kama kuna siku, saa, au safari, na msemaji ni Mmarekani, huenda anasema hatapatikana. Kama kinachosemwa ni kauli au tabia ya mtu, na kuna kicheko au mshangao pembeni, hiyo ni lugha ya vijana. Ukaguzi huu unamaliza kesi nyingi kabla hujafungua kamusi. Zilizobaki ndizo zinazotusumbua.

Dalili: mtu yuko "out of pocket" hadi Jumatatu, na wewe umempa pole

Hii ndiyo iliyonipata. Chanzo ni matumizi ya Kimarekani ambamo kuwa "out of pocket" ni kutopatikana: simu haishikwi, barua pepe hazijibiwi, mtu yuko safarini au mkutanini. Utalikuta zaidi kwenye ujumbe wa kiofisi, hasa kwa watu wa Texas na majimbo ya kusini. Si jipya hata kidogo. Mwandishi O. Henry alilitumia kwa maana hiyo mwaka 1908, akimzungumzia mwanamke ambaye kwa wakati ule hakujulikana alipo. O. Henry mwenyewe alikuwa amefanya kazi benki mjini Austin, Texas, kisha akafungwa miaka kadhaa huko Ohio kwa wizi wa fedha za benki hiyo, kwa hiyo mambo ya mfuko aliyajua kwa pande zote.

Mwingereza wa kawaida akisoma ujumbe wa Houston atashangaa kama nilivyoshangaa mimi. Kwake msemo huu ni wa hela tu. Usijione mshamba.

Jinsi ya kuhakikisha: ondoa msemo, weka "unavailable". Sentensi ikisimama vizuri na kuna tarehe ndani yake, umepata jibu. Kwa Kiswahili sema "sitapatikana", au kwa lugha ya ofisini "sitakuwa hewani". Na kama wewe ndiye unayeandika, usiutumie kwa maana hii kwa mtu asiye Mmarekani. "I'll be away until Monday" haijawahi kumpotosha mtu.

Dalili: sentensi ina kiasi cha fedha, nawe unadhani mtu hana hata senti

"The trip left her £200 out of pocket." Wengi wetu tunasoma hapo kwamba mwanamke huyu amechacha. Hapana. Anaweza kuwa na nyumba tatu London. Maana yake ni kwamba katika shughuli hiyo moja, paundi 200 zimemtoka na hazijarudi. Ni hasara ya tukio, haielezi hali ya maisha yake.

Hii ndiyo maana kongwe, iko kwenye Kiingereza tangu karne ya 17, na ndiyo inayotawala magazeti ya Uingereza hadi leo. Shirika la ndege likifuta safari, abiria wanaachwa "out of pocket". Fundi akila malipo ya awali na kutokomea, mwenye nyumba yuko "out of pocket". Kiswahili kina maneno ya kutosha hapa: amekula hasara ya paundi 200, zimemtoka mfukoni paundi 200, amebaki na pengo la paundi 200. Waingereza wanao hata ule upande wa pili, "£200 in pocket", yaani umetoka na faida.

Kuna kosa la jirani linalofanana na hili. "I paid out of my own pocket" ni kulipa kwa hela yako mwenyewe, basi. Kiswahili tunasema vilevile, nimelipa kutoka mfukoni mwangu. Lakini kulipa kwa hela yako hakukufanyi uwe "out of pocket". Ukijinunulia soda, umelipa kutoka mfukoni mwako na hakuna habari. Ukimnunulia bosi soda, akasema atakurudishia jioni, na sasa ni wiki ya tatu, hapo umekuwa "out of pocket". Ndani ya msemo huu mna dai lililobaki hewani: kuna mtu, au kampuni, au bahati, iliyopaswa kuubeba mzigo huo badala yako.

Dalili: mkataba unataja "out-of-pocket expenses", nawe umelipa kila kitu na kunyamaza

Hii nimeiona kwa watafsiri wachanga, kwa wapigapicha, kwa vijana wanaoajiriwa kwa siku kumi kuwasindikiza watafiti vijijini. Mkataba unasema: "Reasonable out-of-pocket expenses will be reimbursed." Kijana anaona neno "pocket", anakumbuka mfuko wake, anahitimisha kwamba nauli na vocha ni juu yake. Anafika mwisho wa kazi ametumia theluthi ya ujira wake kwenye bodaboda.

Soma kitenzi cha mwisho. "Reimbursed" ni kurudishiwa. Sentensi nzima inasema: matumizi utakayoyatanguliza kwa hela yako kwa ajili ya kazi hii, yakiwa ya kiasi, tutakurudishia. Msemo hapa unataja aina ya gharama: zile ndogondogo zinazolipwa palepale, zisizopitia kwa mhasibu. Nani atazibeba mwisho wa siku, hilo linasemwa na kitenzi. "Will be reimbursed", unarudishiwa. "Shall be borne by the contractor", ni zako. Ukiishia kwenye kivumishi bila kufika kwenye kitenzi umesoma nusu ya kifungu.

Na neno "reasonable" lina meno. Litakuulizia risiti. Tanzania mhasibu atataka ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, na bodaboda hana. Kabla ya kuanza kazi, uliza kwa maandishi: nauli isiyo na risiti inaidhinishwaje? Mara nyingi kuna fomu ya kujaza na kusaini, na mara nyingi hakuna anayekuambia ipo mpaka uulize. Kwenye tafsiri ya mkataba mimi huandika "gharama ndogondogo utakazotanguliza kulipa mwenyewe". Ni ndefu, ila haijamponza mtu.

Dalili: kwenye semina umesikia "out-of-pocket" inagawiwa

Mtanzania anakwenda warsha Nairobi au Kampala. Hoteli imelipwa, chakula kimelipwa, kila kitu ni fulbodi. Siku ya pili anamsikia mwenzake akinong'ona: "Out-of-pocket wanatoa saa ngapi?" Anashangaa. Kutoa? Si ndiyo hela inayomtoka mtu?

Hapa msemo umegeuka. Kwenye utaratibu wa posho, mshiriki aliyelipiwa malazi na chakula hapewi posho nzima ya kujikimu. Hupewa sehemu ndogo ya kukidhi vijigharama vyake, maji ya kunywa, vocha, teksi ya jioni. Posho hiyo ikaitwa "out-of-pocket allowance", yaani posho ya kufidia vitakavyokutoka mfukoni. Kisha neno "allowance" likaanguka njiani kama mzigo uliofungwa vibaya, na kilichobaki ni kivumishi kikitembea peke yake kama nomino. Matokeo yake, hela inayoingia mfukoni inaitwa kwa jina la hela inayotoka.

Sioni haja ya kuwasahihisha watu. Wakiwa wenyewe kwa wenyewe wanaelewana kabisa. Tatizo linaanza pale mratibu anapomwandikia mfadhili wa Leeds kwamba "participants will receive out-of-pocket", na mfadhili anajiuliza kama washiriki watapewa hasara. Ukiandika kwenda nje, rudisha ile "allowance".

Dalili: fomu ya bima ya Marekani inasema "out-of-pocket maximum", na hujui kikomo hicho ni cha nani

Hapa kosa linagharimu zaidi kuliko kote, na kwa hiyo nitakaa kidogo. Wakongomani, Warundi na Wakenya waliohamia Marekani hukutana na maneno haya wiki za mwanzo tu, na mkalimani akiyapitia harakaharaka hutoa kitu kama "kiwango cha juu nje ya mfuko". Msikilizaji hawezi kujua kama ni kiwango cha juu ambacho bima italipa, au ambacho yeye atalipa. Wengi wanakisia la kwanza: bima italipa hadi hapo, zaidi ya hapo ni shauri yangu. Ukweli ni kinyume kabisa.

"Out-of-pocket maximum" ni kikomo cha malipo yako wewe kwa mwaka. Ukishafika hapo, bima inalipa huduma zote zilizomo kwenye mpango mpaka mwaka uishe. Kwa mipango inayouzwa kwenye soko la bima la serikali, sheria iliweka mwaka 2025 kikomo kisichozidi dola 9,200 kwa mtu mmoja na dola 18,400 kwa familia. Mpango wako unaweza kuwa na kikomo cha chini zaidi. Chukua mfano wa mgonjwa mwenye mpango wa kikomo cha juu kabisa, akafanyiwa upasuaji wa dola 60,000 katika hospitali iliyomo kwenye mtandao wa bima yake, yaani yenye mkataba na bima hiyo. Yeye atalipa si zaidi ya 9,200. Aliyeelewa kinyume atajiona anadaiwa 50,800, na nina hakika wapo wanaokimbia matibabu kwa hesabu kama hiyo.

Ila kikomo hicho kina matundu. Mchango wa kila mwezi wa bima hauhesabiwi humo: hata ukifika kikomo Machi, Aprili utaulipa kama kawaida. Daktari wa nje ya mtandao kwa kawaida hahesabiwi. Huduma ambayo mpango haukuifunika haihesabiwi. Kinachohesabiwa ni kile kiasi unachotangulia kulipa mwenyewe kabla bima haijaanza kuchangia, ada unayoacha kaunta kila unapomwona daktari, na asilimia yako ya bili.

Kwa hiyo kwa mkalimani: sema "kikomo cha malipo yako wewe kwa mwaka". Hilo "wewe" usiliache.

Dalili: ripoti ya afya inasema "out-of-pocket payments", nawe umeingiza humo makato ya mshahara

Kwenye lugha ya Shirika la Afya Duniani, msemo huu ni istilahi yenye mipaka yake. Ni hela ambayo kaya inaitoa papo hapo pale inapopata huduma: kumwona daktari, kununua dawa, kupiga picha ya eksirei, na hata ile ya chini ya meza. Mchango wa bima haumo. Kodi haimo.

Mkenya anayekatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwenda bima ya afya ya jamii atasema, na kwa haki yake, kwamba hela hiyo imetoka mfukoni mwake. Imetoka, ila kwenye jedwali la wachumi hiyo imelipwa kabla ya ugonjwa, na haiingii kwenye "out-of-pocket". Kinachoingia ni shilingi anazotoa kwenye duka la dawa la nje ya geti, baada ya kuambiwa dirishani kwamba dawa hii imeisha.

Tanzania nyaraka hutumia "malipo ya papo kwa papo", na mimi nalipenda kuliko "malipo ya mfukoni", kwa sababu linataja wakati wa kulipa, na hapo ndipo penye tofauti.

Dalili: kijana wako ameandika "that was so out of pocket" na hakuna hela wala safari

Mwalimu amesema kitu darasani, video imesambaa, na maoni mia yanasema "out of pocket". Hakuna aliyepoteza hata dola. Hapa maana yake ni kuvuka mpaka: kauli isiyofaa, isiyotarajiwa, iliyopitiliza. Ni msemo wa Wamarekani Weusi, ulikuwepo miongo mingi kabla ya mitandao, kisha mitandao ikautapanya duniani kote pamoja na maneno mengine mengi ya kwao ambayo watu sasa huyaita lugha ya vijana tu, bila kutaja yalikotoka.

Utautambua kwa maneno ya kukazia. Kwenye hela, msemo unabeba kipimo: "fifty dollars out of pocket". Kwenye tabia unabeba "so", "way", "wildly". "Way out of pocket" kwa kawaida si hasara kubwa. Kiswahili chake ni "umepitiliza", "umevuka mpaka", na kwa mtoto anayemjibu shangazi yake, "huna adabu". Sauti huamua uzito: marafiki wakicheka, ni karibu kama sifa, kwamba fulani hana breki. Likiandikwa na mkuu wa kitengo kwenye barua, jitayarishe kuitwa.

Wewe usilitumie kwenye barua rasmi. Na usimwambie mkwe wa Kimarekani mwenye miaka sabini kwamba alikuwa "out of pocket" jana ukimaanisha hakupatikana. Yeye atakuelewa. Wajukuu watabaki na vinywa wazi.

Dalili: kuna "the" katikati

Huu si msemo wetu. "Out of the pocket" ni ya futiboli ya Kimarekani, pale mrushaji mpira anapotoka kwenye kile kieneo wanachomkingia wenzake. "In the pocket" ni ya wanamuziki, ngoma na besi zikishikana mpaka kichwa chako kinatikisika chenyewe. Ukiona "the", funga ukurasa huu.

Dalili: mhariri amekurudishia kazi kwa sababu ya vistari

Mbele ya nomino weka vistari: "out-of-pocket costs". Baada ya kitenzi usiweke: "we are out of pocket". Basi.

Umekagua majirani wote na bado hujui

Inatokea. "Sorry, I was out of pocket yesterday." Kuna siku, lakini kuna na kuomba radhi. Je, hakupatikana? Alisema maneno mabaya kikaoni? Kama ni wa ofisi ya Dallas na jana hukumwona, hakupatikana. Kama jana mlikuwa naye kikaoni na alimkatiza mgeni mara nne, anaomba radhi kwa hilo. Kama ni Mwingereza, msubiri ataje kiasi. Na kama hujui ni nani wala jana kulitokea nini, muulize kwa neno moja lisilo na mifuko: "You mean unavailable?" Hakuna aliyewahi kuchukia kuulizwa hivyo, na jibu huja kwa dakika mbili.

Mteja wangu wa Houston aliniandikia tena miezi mitatu baadaye: angekuwa "out of pocket" wiki nzima ya mwisho wa mwezi. Safari hii sikumpa pole. Nilimtumia ankara usiku uleule, nikaandika juu yake kwa herufi za kawaida kabisa kwamba ningeshukuru ikilipwa kabla hajaondoka. Hela iliingia Alhamisi.